Simu tunazikusanya mlangoni, diski tunampelekea fundi



Hebu tuanze na jambo mnalolijua. Usiku wa kumtoa bi harusi, ukumbi wa wanawake peke yao, mlangoni huwekwa watu wawili watatu wa kukusanya simu. Hata mgeni awe shangazi wa bwana harusi, simu inaingia mfukoni, inaandikwa namba, ataichukua akitoka. Hatumwonei mtu haya kwa hilo. Ndani mabaibui yamevuliwa, nywele ziko nje, watu wamevaa walivyovaa na wanacheza. Anayepiga picha ni mwanamke, tena pengine tumemngojea miezi miwili mpaka apate nafasi kwa sababu tu ni mwanamke.

Wiki moja baadaye usiku ule wote umo ndani ya diski ya SSD isiyozidi kiganja cha mkono. Inachomekwa kwenye kompyuta, inasuasua, mafaili hayahami. Na mtu wa kwanza kufungua mdomo anasema: mpelekeeni fundi.

Sisi tunasema fundi awe wa mwisho. Na mara nyingi hata huko mwisho hatufiki, maana ugonjwa wenyewe hauko kwenye diski.

Kisa kilichotukalisha chini kuandika ni hiki. Mwari wetu mmoja, mtoto wa jirani, aliolewa Alhamisi, na Jumapili jioni alikuwa anasafiri na mumewe kwenda Muscat. Diski mpya waliinunua wenyewe wakampa mpiga picha, naye akairudisha Jumamosi asubuhi ikiwa na gigabaiti 300 hivi: video za kamera mbili na mapicha yasiyohesabika. Shauri lilikuwa diski ibaki kwa mama, na nakala iingie kwenye kompyuta ya bi harusi aondoke nayo. Wakaanza kunakili, kompyuta ikaandika imebaki saa mbili na nusu. Kompyuta yenyewe betri yake imekufa zamani, inaishi kwa waya wa umeme tu. Baada ya saa moja na kitu umeme ukakatika. Uliporudi wakaanza upya, ukakatika tena. Ilipofika Magharibi shemeji mmoja mwenye nia njema akasema diski hii mbovu, yeye anaye fundi wa simu anayemfahamu, atawahamishia usiku huu huu na asubuhi wataikuta tayari.

Aliyezuia hakuwa mjuzi wa kompyuta. Alikuwa somo wa bi harusi, bibi wa miaka sitini na kitu, hajui hata inawashwa wapi. Aliuliza swali moja: "Na mimi nimo humo?" Akaambiwa yumo, tena alicheza sana. Akasema basi haitoki.

Tukaitwa sisi. Kitu cha kwanza tulichokiona ni waya: mweupe, mrefu, mwembamba, waya wa kuchajia simu. Ule uliokuja na diski, mfupi na mnene, ulikuwa bado ndani ya boksi, haujafunguliwa hata kile kifungo chake. Tukabadilisha. Kazi ya saa mbili na nusu ikaisha kwa chini ya robo saa, na watu wakaenda kula.

Mtu anaweza kusema ni bahati. Si bahati, ni hesabu. Waya nyingi za kuchajia simu, hata zile zenye kichwa cha USB-C ambacho kwa macho hakina tofauti na kingine, ndani yake zinapitisha data kwa mwendo wa USB 2.0 tu, mwendo wa mwaka 2000. Kiwango chake ni megabiti 480 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hivyo kwenye karatasi ni megabaiti 60, na kwa vitendo mnapata 35 mpaka 40. USB 3.0, iliyotoka mwaka 2008, inachukua megabiti 5,000, na kwa vitendo mnaona megabaiti 400 na zaidi kwa sekunde. Gawanyeni gigabaiti 300 kwa hizo mbili mtaona wenyewe saa mbili na nusu zilitoka wapi na robo saa ilitoka wapi. Diski ni ile ile. Mlango ndio uliokuwa mwembamba.

Kwa hivyo kabla ya kusema diski imeharibika, itazameni namba. Kwenye Windows, wakati wa kunakili, bonyezeni ile sehemu ya maelezo zaidi, mtaona mwendo kwa megabaiti. Ikiwa umeganda kwenye 35 au 40, haupandi wala haushuki, karibu kila mara ni waya au tundu. Mwendo unaoanza juu kisha ukaanguka una sababu nyingine, na tutaifikia.

Tundu nalo lina mambo yake. Kompyuta moja inaweza kuwa na matundu matatu, mawili ya zamani na moja la kasi. Lile la kasi mara nyingi, si mara zote, lina ulimi wa buluu ndani, au herufi SS pembeni. Msichomeke kupitia kile kigawanyio cha matundu manne kilichokwishabeba kipanya, kibodi na feni ndogo. Diski iingie moja kwa moja kwenye kompyuta. Na kuna jambo dogo la kuchekesha: kichwa cha USB cha umbo la zamani ukikiingiza polepole sana, zile pini za nyuma za mwendo mpya huchelewa kugusa, kompyuta ikadhani umechomeka kitu cha kizamani. Chomoeni kwa utaratibu, kisha mchomeke tena kwa mkupuo mmoja.

Mnaohamisha kutoka kwenye simu, jueni kuwa simu nayo ina mwendo wake. iPhone 15 ya kawaida ina tundu la USB-C lakini data inapita kwa mwendo ule ule wa USB 2.0, iPhone 15 Pro ndiyo inayofika gigabiti 10, na hata hiyo waya iliyomo kwenye boksi ni ya mwendo mdogo, inabidi mtafute mwingine. Mwenye kuona simu yake ni ya bei kubwa hawezi kuamini. Nasi hatukuamini.

Yule ambaye mwendo wake unaanza vizuri, 400 au 500, kisha baada ya muda unaanguka hadi 80 au chini ya hapo, huyo asihangaike na waya. Diski za SSD za kawaida zina sehemu ya kupokelea inayoandika haraka, halafu diski yenyewe huhamisha vitu taratibu kuvipeleka ndani. Ni kama ukumbi wa nyumba ya harusi. Wageni wa mwanzo wanapokelewa mara moja, wanakaa, wanapewa juisi. Ukumbi ukijaa, wanaofuata wanangoja mlangoni mpaka waliotangulia wapelekwe vyumbani. Kwenye diski za bei nafuu ukumbi ni mdogo, na diski ikikaribia kujaa ukumbi unazidi kupungua. Dawa yake ni kunakili kwa mafungu, mkaipumzisha kati ya fungu na fungu, na kuacha nafasi tupu, tuseme sehemu moja katika tano. Mkinunua diski ya gigabaiti 500 kwa ajili ya harusi yenye gigabaiti 480, mmejitafutia taabu wenyewe.

Joto nalo halisemwi vya kutosha huku kwetu. Diski ikipata moto inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Mtu anaiweka juu ya godoro, mchana wa Januari, feni imezimika, juu yake umewekwa mto, kisha anashangaa. Iwekeni juu ya sakafu ya marumaru au sahani ya bati, ipate upepo. Kuwa vuguvugu mkononi ni kawaida. Ikiwa hamwezi kuishika, ipumzisheni.

Kuna na mapicha. Faili moja la video la gigabaiti 20 linahama haraka kuliko mapicha elfu kumi yenye ukubwa ule ule kwa jumla, kwa sababu kila faili lina kufunguliwa kwake na kufungwa kwake na kuandikishwa kwake, na antivairasi inalipekua moja moja. Yafungeni mapicha yote kwenye faili moja la zipu kwanza, mtaona tofauti. Antivairasi msiizime kabla haijaipekua diski iliyotoka kwa mpiga picha, maana kompyuta yake imechomekwa diski za watu wengi.

Na huenda anayechelewesha ni kompyuta yenyewe. Ikiwa ndani ina diski ya zamani ile inayozunguka, haitapokea zaidi ya megabaiti 100 na kidogo kwa sekunde hata mkiileta SSD ya Samsung T7 ambayo boksi lake linaahidi hadi 1,050. Hapo hakuna cha kutengeneza, ni kungoja tu. Na faili moja likikataa kabisa kuingia, hasa video iliyopita gigabaiti 4, angalieni kama diski imefomatiwa FAT32, maana FAT32 haibebi faili kubwa kuliko hivyo. Ya kutumia Windows na Mac kwa pamoja ni exFAT. Lakini tafadhalini, kufomati kunafuta kila kitu. Msifomati diski iliyo na harusi ndani.

Zile diski za terabaiti 16 zinazouzwa kwa bei ya mtandio, hizo hatuzijadili sana. Nyingi ndani yake mna kadi ndogo ya simu iliyobandikwa kwa gundi, imedanganywa iseme ni kubwa. Inapokea kila mnachoiwekea, ikijaa inaandika juu ya vya mwanzo bila kusema, na siku ya kutazama hamkuti kitu. Programu ya bure H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac, huijaribu diski yote ikawaambia ukweli. Ifanyeni siku ya kununua, kabla haijaingia hata picha moja.

Tunajua wapo wanaotusoma hapa wakisema: yote haya ya nini, fundi yule tunamjua, ni mtoto wa watu, anasali msikitini kwetu. Hatumtuhumu. Tunasema tu kwamba Surat An-Nur, aya ya 31, imewataja wale ambao mwanamke anaruhusiwa kuwaonesha mapambo yake, na fundi hayumo. Awe mwema namna gani, hayumo. Na kumwachia kijana wa watu usiku mzima na diski ya wanawake mia mbili ni kumtia yeye pia kwenye mtihani ambao hakuuomba.

Na si dhana zetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walipeleka kompyuta zenye kasoro ndogo kwenye maduka 16 ya mafundi, ndani wakaweka programu ya kuandika kila kinachofunguliwa. Matokeo waliyatoa mwaka 2022: mafundi wa maduka 6 walipekua vitu vya mwenye kompyuta ambavyo havikuhusu kazi, na wa maduka 2 walivinakili wakabaki navyo. Kompyuta zilizoonekana kuwa za wanawake zilipekuliwa zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 2008, mji mzima wa Hong Kong uliona picha za faragha za mcheza filamu Edison Chen na wanawake kadhaa, zilizotoka kwenye kompyuta aliyoipeleka kutengenezwa. Waliolipa zaidi kwa aibu ile ni wanawake, na kompyuta haikuwa yao.

Hapo ndipo somo wetu alipoona mbali kuliko sisi sote. Diski ile si ya bi harusi peke yake. Bi harusi anaweza kusema mimi sijali, mpeni. Lakini hakuvua baibui peke yake. Wamo shangazi, majirani, mwalimu wa skuli, msichana wa miaka kumi na minne aliyecheza mbele ya kamera kwa sababu aliambiwa ni wanawake watupu. Kila mmoja wao aliweka amana pale mlangoni alipotoa simu yake. Surat An-Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha amana zirudi kwa wenyewe, na hatuoni vipi tutazirudisha tukishazitawanya.

Wapo pia wanaosema basi msirekodi kabisa, mmalize. Tunaiheshimu rai hiyo, na nyumba zinazoifuata zina usingizi mzuri. Lakini nyingi zinarekodi, na sisi tunazungumza na zilizorekodi.

Kwa hivyo, bi harusi, kabla ya siku yako nunua diski mwenyewe, ijaribu, kisha ifunge kwa neno la siri kabla ya kitu chochote kuingia. Windows ya Pro ina BitLocker. Windows ya Home inaweza kufungua diski iliyofungwa kwa BitLocker lakini haiwezi kuifunga, kwa hiyo tumieni VeraCrypt, ni ya bure. Mac inafanya hivyo kwenye Disk Utility, mkichagua muundo uliosimbwa. Kwenye kompyuta za miaka hii mwendo haupungui sana kwa ajili ya hilo. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi, likae kwa mama au kwa dada, mbali na diski, kwani likipotea hakuna fundi wala mtaalamu wa kuwarudishia. Usiende na wazo la kuifunga baadaye. SSD ina tabia ya kuandika kitu kipya mahali papya na kuacha cha zamani kwa muda, na kufuta si kufuta kweli. Ikifungwa tangu siku ya kwanza, hata ikiibiwa ni bati tu.

Na mpiga picha mpatane naye mapema, kwa maandishi ya WhatsApp yanatosha: atawakabidhi lini, atafuta lini za kwake, na kama anamtumia mtu wa kuhariri, mtu huyo ni nani. Tumeshangaa ni wangapi wanakaza mlangoni kuhusu simu, lakini hawajui kuwa aliyehariri video yao ni mwanamme waliyemlipa bila kumjua.

Siku ya fundi ikifika kweli, na inaweza kufika, dalili zake ni nyingine: diski inajitokea na kupotea bila kuguswa, inakataa kuandikwa, faili zinafunguka nusu, kompyuta inalalamika kila ukiichomeka hata kwa waya mzuri. Hapo acheni kila kitu, hamisheni kwanza vile msivyoweza kuishi bila navyo, kidogo kidogo, kabla ya kujaribu dawa yoyote. Mkishapata nakala, diski mbovu haina haja ya fundi, ina haja ya nyundo. Msipoipata, basi aende mtu wa nyumbani akae pale pale dukani mpaka kazi iishe, na atafutwe fundi wa kike ikiwa yupo. Hawapo wengi. Binti zetu wanaomaliza masomo ya kompyuta wanatafuta kazi za ofisini, na huku kila harusi inawahitaji. Mmoja tu akifungua chumba cha wanawake cha kuhamishia na kuhifadhi picha, hatalala njaa.

Yule mwari alipanda ndege Jumapili na nakala yake. Diski yake mama ameiweka kwenye kasha la dhahabu, waya mfupi umefungwa juu yake kwa uzi mwekundu ili usichanganywe na wa simu, na kila Idi inatolewa, inachomekwa na kutazamwa, kwa sababu SSD ikikaa miaka bila umeme inaweza kusahau. Somo ameshakwenda mara mbili kutaka kuoneshwa alivyocheza.